Njiti akipata maambukizi: chuma, zinki na kalsiamu vinaingia wapi

"Sista, si apewe na dawa ya kuongeza damu ili hizo sindano zifanye kazi haraka?" Swali hili halikauki wodini, na mara nyingi anayeuliza ni bibi wa mtoto, si mama. Bibi ana hoja: mjukuu ni mdogo, amepauka, analala tu. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto njiti hapa Tanga, na jibu langu huwa fupi: kwa sasa hapana, akipona ndiyo. Hapa nimeliandika kwa kirefu, kwa mama ambaye mwanawe bado yuko wodini au karuhusiwa juzi, na kwa wenzangu wa zahanati watakaompokea akirudi kijijini.

Nianze na kinachotibu. Maambukizi ya mtoto mchanga yanatibiwa kwa antibiotiki ya sindano, hospitalini, na dozi inamalizwa hata kama mtoto amechangamka siku ya tatu. Kwa kawaida huanza ampisilini pamoja na jentamaisini, kisha daktari hubadilisha kulingana na hali au majibu ya maabara. Hakuna madini yanayochukua nafasi ya sindano hizo. Ukimkuta mtu anakuuzia matone ya "kuua bakteria kwa njia ya lishe", rudisha pesa mfukoni.

Usisubiri homa

Njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37, huwa mgonjwa kimyakimya. Mtoto aliyetimiza miezi akiambukizwa anaweza kuchemka ukamjua. Njiti mara nyingi hupoa. Joto lake la kawaida kwapani ni kati ya 36.5 na 37.5. Likishuka chini ya hapo na umemkumbatia kifuani vizuri, au likipanda juu yake, mwambie nesi saa hiyohiyo. Ukiwa nyumbani, anza safari huku amefungwa kifuani kwako.

Dalili ninayoiamini kuliko zote ni kunyonya. Mtoto aliyekuwa anamaliza kikombe chake cha maziwa ya kukamua, leo anaacha nusu na kulala. Kesho asubuhi hataki kabisa. Mama hujua kabla yangu, ila wengine huona aibu kusema kwa sababu "labda amechoka tu". Sema. Sijawahi kumkasirikia mama aliyeniita bure.

Pumzi hesabu dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha mara mbili, maana njiti hupumua kwa mafungu: harakaharaka, kisha anatulia kidogo, kisha anaanza tena. Zikifika 60 au zaidi, hesabu tena. Zikiwa bado 60, au kifua kinabonyea ndani, hiyo ni hatari. Akisimama kupumua kwa sekunde 20, au midomo ikabadilika rangi, msugue mgongo au nyayo huku unaita. Mengine ni tumbo kujaa na kukaza, kutapika kijani, kitovu chenye wekundu unaosambaa au usaha, ngozi ya kijivu, na mtoto asiyejongea mpaka aguswe. Degedege lake pia halifanani na la watoto wakubwa: anaweza kuchezesha midomo kama anayenyonya, kukodoa macho upande mmoja, au kupiga miguu kama anaendesha baiskeli.

Kwa nini amepungukiwa tangu mwanzo

Chuma, zinki, kalsiamu na fosforasi mtoto huvikusanya zaidi katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Aliyezaliwa wiki ya 30 ni kama mfanyakazi aliyeacha kazi tarehe 20: mshahara wa mwezi hakuusubiri. Kisha anakua mbio, damu inaongezeka, mifupa inarefuka, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, hayana chuma cha kuziba pengo hilo.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2022 kuhusu watoto njiti na wenye uzito mdogo, linapendekeza chuma kwa anayenyonya maziwa ya mama na asiyepata chuma kwingine. Kuhusu zinki lugha yake ni ya upole zaidi: inaweza kufikiriwa. Soma tofauti hiyo vizuri, maana madukani vyote viwili huuzwa kwa sauti ileile. Na vyote viwili vimewekwa humo kwa ajili ya ukuaji na damu ya mtoto kwa miezi inayofuata. Havikuwekwa kama dawa ya maambukizi.

Wakati sindano zinaendelea: chuma kinasubiri

Bakteria nao wanahitaji chuma ili wazaane. Mwili unalijua hilo, na mtu akipata maambukizi hukificha chuma chake kisipatikane kirahisi kwenye damu. Maziwa ya mama yanafanya kazi hiyohiyo kwa protini iitwayo laktoferini, ambayo hukamata chuma na kuwanyima bakteria, na dang'a ina laktoferini nyingi kuliko maziwa yanayokuja baadaye. Sasa mtoto yuko katikati ya vita hiyo, halafu wewe unamminia matone ya chuma mdomoni. Unamsaidia nani?

Watu wa Tanga tuna sababu ya kulielewa hili, kwa kuwa somo kubwa lilitoka ng'ambo tu ya maji yetu, kisiwani Pemba. Huko watoto zaidi ya 20,000 wa kuanzia mwezi 1 hadi 35 walishiriki utafiti wa vidonge vya chuma na folik asidi, katika eneo ambalo wakati huo malaria ilikuwa nyingi. Mwaka 2003 makundi yaliyokuwa yakipewa chuma yalisimamishwa, kwa kuwa watoto hao walikuwa wakiugua sana, kulazwa na kufa zaidi ya wenzao, kwa asilimia 12 hivi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Lakini usikimbilie kusema chuma ni sumu: katika sehemu ya watoto waliopimwa damu, wale waliokuwa na upungufu wa kweli walifaidika. Watoto wale hawakuwa njiti wa wodini, kwa hiyo matokeo yao hayahamishwi hivihivi. Kilichobaki kwetu ni adabu ya wakati: chuma apewe anayekihitaji, akiwa ametulia, na kinga ya malaria iwepo. Chandarua kiende nyumbani pamoja na chupa ya matone.

Kwa vitendo, basi. Mtoto akianza antibiotiki, muulize daktari waziwazi: "Chuma tunasimamisha mpaka lini?" Kwa kawaida hurudi baada ya maambukizi kutulia na mtoto kunyonya vizuri. Akiongezewa damu, uliza tena, kwa sababu damu aliyopewa ina chuma ndani yake na pengine tarehe itasogezwa mbele. Jibu liandikwe kwenye kadi. Zamu zetu zinabadilika, na nesi wa usiku hawezi kusoma mawazo ya nesi wa mchana.

Zinki ina habari yake. Kinga ya mwili inaitegemea, na kulikuwa na sababu ya kuijaribu kwenye maambukizi. Mwaka 2012 yalitoka matokeo ya utafiti wa Delhi, India: watoto wa siku 7 hadi 120 waliolazwa kwa maambukizi makali walipewa antibiotiki, na nusu yao wakaongezewa zinki miligramu 10 kwa siku. Matibabu yalishindwa kwa asilimia 10 ya waliopata zinki, dhidi ya asilimia 17 ya wenzao. Takwimu nzuri, na kuna wakati kila mtu alizungumzia zinki. Ila mtoto wa miezi miwili anayenyonya hafanani na njiti wa kilo moja na robo mwenye mpira wa kulishia puani, na zinki haijawa matibabu ya kawaida ya maambukizi ya wachanga. Daktari wako akiiongeza, sawa, anajua anachofuata. Usiiongeze wewe.

Seleniamu nayo wapo wanaoiulizia, hasa wanaosoma sana mtandaoni. New Zealand, ambako udongo una seleniamu kidogo, njiti walioongezewa walipata maambukizi ya damu kwa uchache kuliko wenzao. Sisi hatuna matone hayo kwenye kabati, na sioni haja ya kumsumbua mama kuyatafuta.

Kalsiamu na seftriaksoni: wenzangu wa zahanati, someni hapa

Hili silisemi kwa upole. Mtoto wa siku 28 au chini yake asipewe seftriaksoni ikiwa anapata, au anatarajiwa kupata, dripu yenye kalsiamu. Viwili hivyo hukutana ndani ya mwili na kuganda kuwa chembechembe zinazonasa kwenye mapafu na figo, na watoto wamekufa kwa njia hiyo. Kutumia mishipa miwili tofauti hakuokoi, wala kupishanisha saa. Na kumbuka kalsiamu haimo kwenye kalsiamu glukoneti peke yake: Ringer pia inayo, na Ringer ndiyo dripu iliyo karibu na mkono kwenye vituo vingi. Kwa njiti, seftriaksoni haifai kabisa mpaka umri wake, ukihesabu na wiki za tumboni, upite wiki 41, kwa kuwa pia huzidisha hatari ya manjano kuingia kwenye ubongo.

Kwa hiyo ukimpa rufaa njiti mgonjwa, andika kwenye karatasi sindano gani umempa na dripu gani, na saa. "Amepewa antibiotiki na maji" hainisaidii kitu saa nane usiku.

Kalsiamu na fosforasi za mdomo, zile za mifupa, ni shughuli ya baadaye kwa waliozaliwa chini ya kilo moja na nusu. Zikiandikwa zote mbili, zipewe kwa nyakati tofauti, maana ukizichanganya kwenye kikombe kimoja hugandana humohumo. Sina zaidi kuhusu hizo. Daktari hupima damu na kuamua.

Kupima chuma bila kukosea

Mtoto amepona, ametimiza wiki mbili au zaidi, ananyonya, ameruhusiwa. Sasa ndiyo. Kiwango cha kawaida kwa wadogo hawa ni miligramu 2 hadi 4 za chuma kwa kila kilo ya uzito, kila siku, hadi miezi 6. Daktari atachagua namba. Yako ni kuipima sawasawa, na hapa ndipo penye hatari kuliko watu wanavyodhani.

Chukua chupa, geuza, soma maandishi madogo. Chupa nyingi zina namba mbili: uzito wa chumvi ya chuma na uzito wa chuma chenyewe. Matone ya feras salfeti, kwa mfano, yanaweza kuandikwa miligramu 125 kwa mililita, na pembeni miligramu 25 za chuma. Namba yako ni hiyo 25. Usipoiona chupani, mfamasia akuandikie kwa kalamu juu ya kasha.

Tuseme mtoto ana kilo 1.8 na daktari ameandika miligramu 2 kwa kilo. 1.8 mara 2 ni miligramu 3.6. Gawanya kwa 25: mililita 0.14. Ni kidogo mno, haijai hata kifuniko. Mtoto huyohuyo akipewa chupa nyingine, dawa ya maji yenye miligramu 50 za chuma kwa mililita 5, basi kila mililita ina 10, na dozi yake ni mililita 0.36. Chuma kilekile, mtoto yuleyule, ujazo zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana sikubali mama aniambie "nampa matone manne kama mwenzangu". Mwenzako ana chupa gani? Mwanawe ana kilo ngapi?

Sasa fikiria kijiko cha chai. Kijiko cha mililita 5 cha yale matone ya miligramu 25 kinabeba miligramu 125 za chuma. Kwa mtoto wa kilo 1.8 hiyo ni karibu 70 kwa kilo, na kuanzia 60 kwa kilo tunahesabu sumu kali ya chuma: kutapika, damu tumboni, ini kuharibika, kifo. Kijiko kimoja tu. Ikitokea, usisubiri uone atafanya nini. Beba chupa, kimbia hospitali.

Kifaa cha kupimia ni bomba la sindano la mililita 1, bila sindano. Omba wodini kabla hujaondoka, au nunua famasi. Usikubali lile la insulini hata kama linafanana nalo, kwa sababu mistari yake huhesabu yuniti na si mililita, na hapo hesabu yote inavurugika. Mwambie nesi akuwekee alama ya kalamu ya wino usiofutika kwenye mstari wako, halafu uvute dawa mbele yake mpaka aridhike. Mimi simruhusu mtu hadi avute mwenyewe, tena baba akiwepo naye avute.

Uzito ukibadilika, dozi inabadilika. Kila kliniki, mtoto akishapimwa, hesabu irudiwe na alama mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani. Wengi huendelea na mstari wa kilo 1.8 mpaka mtoto ana kilo 4, kisha tunashangaa kwa nini amepauka.

Kumnywesha

Nawa mikono kwa sabuni, kausha. Mkalishe nusu wima kifuani. Peleka ncha ya bomba upande wa ndani wa shavu, si katikati ya ulimi, sukuma polepole, mwache ameze, kisha mpe titi. Usichanganye dawa na kikombe kizima cha maziwa: akibakiza, hutajua amekunywa chuma kiasi gani. Uji asipewe, wala chai ya rangi, na chai ndiyo hasa huzuia chuma kisifyonzwe. Akitapika, usirudie bila kuuliza. Ukisahau siku moja, endelea na dozi ya kawaida kesho yake, usimpe mbili.

Choo kitakuwa cheusi au kijani kilichoiva. Hicho ni chuma, kisikutishe. Kinachonitisha mimi ni choo chenye damu nyekundu, au cheusi kinachonata kama lami huku tumbo limejaa na mtoto hataki kunyonya. Hapo simamisha dawa, njoo.

Zinki ikiandikwa, mpe mbali na chuma, kimoja asubuhi na kingine jioni, kwa kuwa vinagombania mlango mmoja tumboni. Angalia pia kidonge chenyewe. Vile vya kuharisha vina miligramu 20, na hata nusu yake, miligramu 10 anazopewa wa chini ya miezi 6 mwenye kuhara, ni nyingi kwa njiti wa kilo mbili kupewa kila siku kwa miezi. Zinki ikizidi muda mrefu, huzuia madini mengine, hasa shaba. Daktari akikuandikia miligramu 2 na duka lina kidonge cha 20 tu, kiyeyushe kwenye mililita 10 za maziwa uliyokamua, koroga hadi punje ziishe, na kabla hakijatuama vuta mililita 1. Kinachobaki mwaga.

Vya nyumbani

FEFO, vile vidonge vya chuma na folik asidi vya kliniki, ni vyako, mama. Meza, unavihitaji, hasa kama ulitoka damu nyingi. Lakini usisage kidonge umlambishe mtoto: kimoja kina chuma kama miligramu 60, na mwanao wa kilo mbili anahitaji 4 hadi 8 tu kwa siku. Juisi ya rozela, matembele, maini na dagaa, kula wewe. Kwa mtoto havipiti mdomoni kabla ya miezi 6. Asali hapana mpaka atimize mwaka. Maji ya dawa za mitishamba ya kuongeza damu, kwa heshima zote kwa bibi, hapana.

Unachoweza kumpa bila kipimo ni kifua chako. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, ukatoka mwaka 2021, uliwalinganisha wadogo waliowekwa kangaroo, yaani kifuani ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa na wale waliosubiri mpaka hali itulie. Vifo vilikuwa asilimia 12.0 kwa waliowahi na 15.7 kwa waliosubiri, na walioshukiwa kuwa na maambukizi walipungua pia. Sijaona chupa ya madini yenye takwimu za namna hiyo. Mkumbatie angalau saa 8 kwa siku, ngozi kwa ngozi, na ukichoka mpokeze baba au shangazi.

Siku ya kliniki njoo na kadi, bomba lako na chupa yenyewe, si picha ya chupa kwenye simu. Nataka nione imebaki kiasi gani, imefunguliwa lini, na mstari wa kalamu uko wapi. Kama wiki hiyo mtoto alipewa sindano zahanati, niambie hilo kabla hatujamweka kwenye mizani.